Misumari Kumi na Minne

Mwaka ule, ukimwuliza mtu wa Ndosho ni nani anayejua kufunga mlango, alikuelekeza kwa Papa Yusufu kabla hujamaliza swali. Kutengeneza mlango ni kazi ya kila fundi. Kuufunga usifunguke tena, hiyo ilikuwa kazi ya Yusufu, naye hakuona haya kujisifu. "Nikifunga miye," alikuwa akisema huku akikung'uta unga wa mbao kwenye kofia yake, "hata mwenye nyumba ataniomba ruhusa." Watu walicheka, na kesho yake walirudi na mbao zao.

Wasirudi kwa nini? Januari, Nyiragongo ilikuwa imetapika moto uliopita katikati ya Goma mpaka ziwani, na waliopoteza nyumba walijenga upya kwa mbao, wengine juu ya lile jiwe jeusi lenyewe kabla halijapoa vizuri. Kule Ndosho, mtaa wa pembeni mwa Goma, nyumba zilibanana, hata mtu akipiga chafya kwake, jirani alimjibu. Waasi ndio waliokuwa serikali, na juu yao walikuwepo watu wengine wenye bunduki ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Hao walikuwa na desturi moja: walipitia mlango wa nyuma. Basi Ndosho nayo ikajipatia desturi yake. Mlango wa nyuma ulipigwa mbao mbili za msalaba, kwa misumari ya inchi nne, ncha zikapindwa. Mlango wa mbele ukatiwa kufuli, kadena kama wanavyoliita kule, na mama akitoka alifunga kwa nje na kuwaacha watoto ndani walinde nyumba. Nyumba isiyo na mtu haikudumu na sufuria zake.

Yusufu alikuwa amefunga milango thelathini na miwili kwa namna hiyo. Wa thelathini na tatu ulikuwa wa mdogo wake, Alima, mjane asiye na mtoto.

Idi iliangukia mwanzoni mwa Desemba, na ilikuja na mvua. Kwa sababu ya mvua, Alima aliingiza mbabula, jiko lake la makaa, ndani ili akaange mandazi ya sikukuu, akaiweka karibu na mlango wa mbele apate hewa. Mawingu yalifanya giza, akawasha taa. Mafuta ya taa alikuwa ameyanunua barabarani kwenye chupa, na aliyeuza alikuwa ameyachanganya na esansi, petroli ya gari, yapate kuongezeka, kama walivyofanya wengi. Taa ilipasuka. Moto ukakamata mafuta ya kukaangia, ukasimama kati ya Alima na mlango. Akakimbilia nyuma, akakutana na msalaba wa kaka yake.

Yusufu alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, anavaa kanzu. Alisikia kelele, akachukua mtaimbo, akazunguka nyuma, akaanza kung'oa kazi yake mwenyewe. Haikung'oka. Aliingiza mtaimbo huku, akaingiza kule, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, na ndani Alima anamwita kaka yake, "Yaya! Yaya!" Katika maisha yake Yusufu hakupata kuchukia kitu kama alivyoichukia ile misumari mizuri. Aliyemwokoa Alima ni Mulumeoderhwa, kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa akishusha makaa kutoka Kibumba kwa chukudu. Alilirudisha nyuma lile gari lake la mti pamoja na magunia yake, akalisukuma mbio na kuligonga kwenye ukuta. Mara ya tatu mbao zilivunjika. Alima alitoka mzima, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua kuanzia viganjani mpaka kwenye viwiko.

Hospitali Yusufu alikaa kwenye benchi na kanzu yake ya Idi iliyojaa masizi. Alima alipoweza kusema, alisema polepole, bila hasira.

"Yaya, nilikuwa nakusikia kule inje. Nikawa najiuliza, juu ya nini alipigilia muzuri vile?"

Angemtukana ingekuwa nafuu. Yusufu alilia palepale, mbele ya wauguzi na wagonjwa, na hakujali nani anamwona.

Alipotoka hospitali aliwaza jambo moja tu. Noeli ilikuwa bado siku kumi na tisa. Nyumba nyingi alizozifunga zilikuwa za Wakristo, na alijua Noeli inavyofanywa Ndosho. Kila nyumba hujenga pango la Mtoto Yesu kwa mawe meusi ya volkano, hulitandika majani makavu ya migomba, kisha hulizungushia pamba. Pamba hiyo ni theluji. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuona theluji, lakini iko kwenye kalenda ya parokia, basi iwekwe. Na katikati ya majani makavu na pamba huwashwa mshumaa. Halafu mama anafunga kufuli, anakwenda misa, watoto wanabaki ndani. Yusufu alihesabu milango yake kwa vidole, akafika thelathini na miwili.

Usiku mmoja wa kugeukageuka kitandani ulimtosha. Asubuhi alichora kitu kwa makaa kwenye ukuta wa karakana. Kilikuwa kilango kidogo chini ya mlango wa nyuma, cha kumtosha mtu mzima akitambaa. Kilifunguka kwa nje, kikining'inia juu kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Kwa nje hakikuwa na kishikio, wala ufa wa kuingiza hata kisu, maana kingo zake zilifunikwa na mbao nyingine. Kwa ndani kilizuiwa na gongo moja tu la mti lililolala kwenye vishikizo viwili. Pandisha gongo, sukuma kwa mguu, toka. Hakikutaka ufunguo wala nguvu.

Tatizo la Yusufu halikuwa mbao. Tatizo lilikuwa mdomo wa mtaa. Fikiria mwenyewe: fundi aliyekufungia mlango anakuja na nyundo, anataka kuufungua, tena bure, tena wiki mbili kabla ya Noeli, wakati kila mtu ana kitenge kipya na kuku ndani. Ungemkaribisha? Siku ya pili tayari ilikuwa inasemwa kwenye foleni ya maji kwamba Papa Yusufu amekula na wale watu wa bunduki. Siku ya tatu Baharanyi, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa ule, mtu wa Bukavu aliyependa viatu vyake ving'ae hata kwenye vumbi la volkano, alikuja mwenyewe karakana.

"Papa Yusufu, batu biko nasema. Unafungua milango juu ya nani?"

"Juu ya bale biko ndani, shefu."

"Na bale ba inje?"

"Bale ba inje bajaribu. Tafuta mwenye nguvu kuliko bote, na mutoto mudogo kuliko bote. Nitaweka kilango kwako weye, wa kwanza. Mwenye nguvu akifungua toka inje, unifukuze Ndosho."

Baharanyi alipenda mambo yanayokusanya watu, akakubali. Jumamosi mtaa mzima ulijaa nyuma ya nyumba yake. Mwenye nguvu alikuwa Mulumeoderhwa, nani mwingine? Alitema mate viganjani, akasukuma, akavuta, akapapasa kingo, akaomba mtaimbo akapewa, ukateleza, akapiga teke mpaka kiatu kikatoka mguuni na kuruka paani, watu wakacheka mpaka machozi. Alipochoka alikaa chini akasema, "Huyu muzee, namuheshimu."

Kisha wakatafuta mtoto mdogo. Akapatikana Jean-Bosco, mwenye miaka minne, aliyeponyoka kutoka mikononi mwa dada yake Mapendo ili aone kiatu kimefika wapi. Wakamwingiza ndani, wakamfunga kitambaa machoni, Yusufu akamwonyesha mara moja kwa mikono yake. Wakatoka, wakanyamaza. Gongo likasikika likidondoka, kilango kikafunguka, na kichwa cha Jean-Bosco kikatokeza kimefungwa kitambaa, kikiuliza, "Nimefika?"

Tangu saa ile Yusufu hakupumzika. Walimwita huku na huku, na watoto waligeuza maelekezo yake kuwa mchezo, wakikimbia mtaani wakipiga kelele: "Pandisha! Sukuma! Toka!" Kwa kila nyumba alidai malipo ya ajabu. Mbabula isiingie ndani, hata mvua ikinyesha. Mafuta ya taa yajaribiwe kwanza nje, tone moja juu ya jiwe, na yakishika moto kwa kuruka yamwagwe. Mshumaa, buji kama watoto walivyouita, usimame ndani ya kopo lenye mchanga. Na kila nyumba iweke nje ndoo ya changarawe laini ya volkano, maana maji yalitoka mbali na hakuna ambaye angeyamwaga bila kufikiri. Mwisho aliwachagulia watoto wa kila nyumba jiwe moja la kukutania, mbali na kuta, na kuwaambia wakitoka wakae hapo wasirudi ndani hata kwa kuitwa.

Milango thelathini na mmoja ilifunguliwa. Ulibaki mmoja, na huo ndio uliomnyima usingizi.

Ulikuwa wa Mama Léocadie, mama yao Mapendo na Jean-Bosco. Nyumba yake ya kwanza, kule mtaa wa Mapendo, mtaa ambao bintiye alipewa jina lake kwa kuzaliwa hapo, ilikuwa chini ya jiwe la volkano na kila kitu kilichokuwamo. Akaja Ndosho na mumewe Léopold, wakajenga hii ya mbao. Mwezi wa sita wale watu wa bunduki walikuja, wakapitia mlango wa nyuma, wakaondoka na Léopold. Hakuonekana tena, hai wala maiti. Kesho yake Léocadie alikuja kwa Yusufu, macho makavu, akamwambia afunge. Alifunga kuliko alivyowahi kufunga, misumari kumi na minne, na alipomaliza akamwapia bila kuombwa: "Huu mulango hautafunguka tena, miye nikiwa muzima." Alisema kwa huruma. Siku ile kilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa.

Sasa alisimama mbele yake na nyundo mkononi.

"Ulinivulia kofia ukaniapia," Léocadie alimwambia. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, hata akisema kwa hasira sauti yake ilikuwa na mpangilio. "Hapa njo balipitia. Hapa! Weye unataka nipitishe tena?"

"Mama, uliona kwa Baharanyi. Inje haifunguke."

"Bunduki ikisema fungua, mutoto wa ndani atafungua."

Lilikuwa neno la kweli, na Yusufu akairudisha nyundo kiunoni. Alirudi mara tatu, na mara tatu Léocadie alimpa kiti, akampa chai, akamnyima mlango. Ufunguo wa kufuli la mbele alikuwa ameufunga kwa uzi mweusi shingoni, na kila alipomkatalia aliushika. Noeli ikawa bado siku tatu. Watoto walikuwa wamekwisha kujenga pango lao kwenye sebule, mawe, majani na pamba tele, na Yesu mdogo wa plasta ambaye Léopold alimnunua walipofunga ndoa, kitu kimoja kilichotoka nyumba ya kwanza kwa sababu Mapendo alikuwa amekitia mfukoni siku ya volkano.

Mara ya nne Yusufu hakwenda peke yake. Alima alisema, "Nipeleke. Weye unasema mingi."

Alima aliingia na bandeji zake, akakaa, akakataa chai kwa sababu hakuweza kushika kikombe. Léocadie akachukua kikombe akamnywesha mwenyewe, kidogo kidogo. Walikuwa wajane wawili na hawakuwa na haja ya kuelezana mengi.

"Miye pia naogopa balume bale," Alima akasema. "Kila siku. Lakini nikuambie kile nilisikia ndani. Sikufikiri bunduki. Nilishika zile mbao, nikazishika kama hivi, nikafikiri, kama ningezaa mutoto, angekuwa hapa na miye, na angeniuliza njia iko wapi." Akainuka. "Basi. Nilikuja kusema hiyo tu. Aksanti ya chai."

Wakaondoka. Njiani Yusufu alitaka kuuliza kama anafikiri amekubali, Alima akamwambia anyamaze.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu, Yusufu alikuta mlangoni pa karakana kopo la siagi. Ndani mlikuwa na misumari. Aliimwaga mezani, akaihesabu: kumi na minne, imepindapinda, mmoja una damu kidogo. Léocadie alikuwa ameing'oa mwenyewe. Kwa kitu gani, na kwa saa ngapi, hakumwambia mtu, ila viganja vyake vilikuwa vimechunika. Yusufu alikwenda mbio, akakata kilango siku hiyohiyo, akaweka gongo, akawafanyisha watoto mazoezi mpaka Mapendo, aliyekuwa na miaka minane na akili ya mtu mzima, akasema, "Papa Yusufu, tumeshika. Inatosha."

Léocadie alisimama akitazama, mikono kifuani. "Hawagusi mpaka kuwe moto," alisema.

Mkesha wa Noeli misa ilianza saa kumi za mchana, ili watu wawe majumbani kabla ya giza. Mtaa ulimwagika kwenda kanisani, vitenge vipya, watoto wakubwa, harufu ya sabuni. Waislamu wachache wa mtaa walibaki. Yusufu alikuwa nje ya karakana, ananyoosha ile misumari kumi na minne juu ya jiwe, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu msumari mzuri hautupwi hata kama umeuchukia. Karibu saa kumi na moja alinusa kitu, akainua kichwa, akaona moshi kwenye paa la Léocadie.

Alikimbia na nyundo ileile mkononi. Mbele kufuli lilikuwa limening'inia mahali pake, limefungwa, na moshi ukitoka chini ya mlango. Akazunguka nyuma. Kilango kilikuwa wazi, kinapumua moshi mzito, na karibu nacho hapakuwa na mtu. Yusufu alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega, akaita, "Mapendo! Jean-Bosco!" Moshi ukamjaa kooni. Hakuna aliyejibu. Basi, aliwaza, watoto wamo humo ndani. Alivuta pumzi ya mwisho ya kuingilia.

"Papa Yusufu, usiingie! Sisi tuko huku!"

Aligeuka. Hatua ishirini kutoka kwenye ukuta, juu ya jiwe aliloliteua yeye mwenyewe, Mapendo alikuwa ameketi na kumkumbatia mdogo wake kwa mikono na miguu asiponyoke. Nyuso zao zilikuwa nyeusi. Jean-Bosco alikuwa na kitu ndani ya shati.

"Ulisema tusitoke kwenye jiwe hata tukiitwa," Mapendo akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Mulumeoderhwa alikuwa amekwisha kufika, na Alima akipiga mayowe ya kuita watu, na ndoo za changarawe zikatoka nyuma ya kila nyumba. Walimwaga, walibomoa ukuta mmoja kwa chukudu, moto ukazimwa kabla haujaruka kwa jirani. Sebule iliteketea. Chumba kilibaki.

Yusufu aliwashika watoto mikono, akaenda nao kanisani. Angeweza kumtuma mtu, lakini hakutaka mama yao apate habari kwa mdomo wa mtu kabla ya kuwaona kwa macho. Mlangoni alisita. Hakuwa amewahi kuingia kanisani na hakujua kama huvuliwa kofia au viatu, basi akavua vyote viwili, akaingia pekupeku na nyundo kiunoni, amejaa masizi, kati ya watu wenye nguo mpya. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa Noeli. Vichwa viligeuka benchi kwa benchi. Léocadie alikuwa mstari wa mbele wa kwaya, kinywa wazi kwa sauti ya juu, na alipowaona sauti ilikatika.

Aliwatazama watoto wake. Mkono wake ukapanda shingoni, ukashika uzi mweusi, ukashuka nao mpaka ukapata ufunguo. Ulikuwepo. Akautazama ufunguo, akawatazama watoto, akautazama tena. Kisha alishuka kutoka jukwaani akiwapita waimbaji kama haoni, akapiga magoti katikati ya kanisa, akawashika vichwa, masikio, vidole, kimoja kimoja.

Jean-Bosco alitoa kitu kilichokuwa ndani ya shati. Kilikuwa Yesu wa plasta, ameingia masizi puani.

"Mama, alikuwa anasikia baridi," akasema. "Juu ya ile theluji. Nilitoa buji kwenye kopo, nikamusogezea. Lakini hakuungua. Tulitoka naye."

Padre, mtu mzima aliyeyaona mengi Goma, alishuka altareni, akampokea yule Yesu, akampangusa pua kwa kanzu yake, akamlaza kwenye pango la kanisa. Kisha akaenda akapuliza mishumaa yote mitatu iliyokuwa imesimama kwenye pamba. "Tuendelee," akasema, na kwaya ikaendelea bila Léocadie.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika nyumbani. Ukuta mmoja haukuwepo, paa lilikuwa limeinama, lakini mlango wa mbele ulisimama na kufuli lake. Mtu angeweza kuingia kwa pembeni akitaka. Léocadie hakutaka. Alitoa ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma mlango, akaingia, akatazama mawe meusi ya pango yaliyorudia rangi yao ya volkano. Alikaa humo kidogo. Yusufu alimngoja nje, amekunja kofia mkononi.

"Papa Yusufu," alisema alipotoka. "Uliniapia mulango wa nyuma hautafunguka weye ukiwa muzima."

"Niliapa vibaya, mama. Unisamehe."

"Misumari yangu iko wapi?"

"Iko kwangu. Nimeinyoosha."

"Yote?"

"Imebaki miwili."

"Nyoosha na ile miwili. Keshokutwa tuko najenga."

Noeli ile Léocadie na watoto wake waliila kwa Alima, ambaye aliamuru kila kitu akiwa amekaa, kwa kidevu, kwa sababu mikono haikuwa yake bado. Wali ulipikwa nje chini ya bati, mvua ikinyesha pande zote, na Baharanyi alikuja na viatu vyake akakaa kwenye ndoo ya changarawe. Tarehe ishirini na sita mtaa ulileta mbao, kila nyumba ubao mmoja, na mpaka jioni ukuta ulikuwa umesimama tena, na kilango chake nyuma.

Misumari kumi na mitatu iliingia kwenye ukuta huo. Wa kumi na nne Léocadie aliuomba, akaja nao karakana, akamwambia Yusufu aupigilie kando ya mlango wa karakana, usawa wa kichwa. Tangu hapo, kila Jumapili kengele ikilia, alipita akiwa na kitenge cha kwaya, akavua uzi mweusi shingoni, akatundika ufunguo kwenye msumari ule. Kufuli lililinda sufuria. Watoto walibaki nje kwa Yusufu mpaka misa iishe, wakicheza pekupeku kwenye unga wa mbao.